Hongera kwa Tineke

Rotterdam, 17 Septemba 2023

Mjomba Evaristo,

Shikamoo. Mpwa wako Iria nakusalimu kutoka ghorofa ya sita, soksi mbilimbili miguuni. Mimi sijambo kabisa. Goti lako je? Na yule jogoo mwenye jicho moja, bado anamkimbiza Dosinda akileta barua? Msalimie, mwambie sasa atapanda kilima chetu mara nyingi kuliko zamani, na akichoka asinilaani mimi, akulaani wewe uliyekataa simu. Najua, utasema ni masikio. "Simu ni chombo cha kupigiana kelele." Haya basi, naandika, kama enzi zako.

Nimefika salama. Chumba kina dirisha kubwa ajabu, naona mto, daraja, na upande wa pili watu wakila chakula chao bila pazia. Hakuna mwenye pazia huku. Wiki ya kwanza nilikuwa nawapungia mkono, nikaacha.

Kazi ni nzuri. Nakaa kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya skrini nne, nashusha makontena kutoka kwenye meli iliyo kilomita arobaini kutoka nilipo. Winchi yenyewe haina mtu ndani. Siku ya kwanza nilimtafuta dereva kwa macho, halafu nikakumbuka ndiye mimi. Wamenipa mkataba wa miezi saba, hadi mwisho wa Machi. Hapo wataniuliza kama nabaki au narudi nyumbani, nami nitakuwa nimeshajua jibu.

Wenzangu ni watu wazuri. Mchana wanakula mkate na jibini, jioni saa kumi na mbili kamili wako mezani, na ukimpigia mtu saa hiyo anakujibu kana kwamba kuna msiba.

Sasa mjomba, nikuulize. Umenilea tangu nina miaka tisa, na katika miaka yote hiyo nimejua jambo moja tu kuhusu mji huu ulikofanyia kazi: kwamba mvua ilinyesha. Nitembelee wapi? Kuna mtu nimsalimie?

Mpwa wako,
Iria


Vilameán, 3 Oktoba 2023

Mpwa wangu Iria,

Marahaba. Barua yako imefika Jumatano, imelowa, lakini inasomeka. Dosinda anakusalimu na anasema kilima ni kilekile. Goti lipo. Jogoo amekufa. Nilimla na wali, na alikuwa mgumu kama tabia yake.

Zabibu nimevuna, siku tatu, peke yangu, wala haikuwa shida. Mvinyo utakuwa mkali mwaka huu. Paa la ghala linavuja palepale pa mwaka jana. Chumba chako nimekipaka rangi. Si kwa sababu yoyote, rangi ilibaki tu kwenye kopo, na kumwaga ni dhambi.

Unaniuliza habari za Rotterdam. Mvua ilinyesha. Nilichomelea meli, nikalala, nikaamka nikachomelea tena. Novemba mwaka sabini na tatu nikarudi kwetu. Hakuna cha kutembelea. Kitongoji cha Charlois usiende, hakuna kitu huko. Hakuna mtu wa kumsalimia.

Kula supu. Mkate na jibini si chakula, ni kiporo. Na ukishindwa, usione haya, mlango huu haujawahi kuwa na kufuli.

Mjomba wako,
Evaristo Louzao


Rotterdam, 6 Novemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, na pole kwa jogoo. Mimi sijambo. Mafua yalinitembelea yakaondoka. Nimenunua baiskeli ya mitumba, upepo ukaiangusha nami nikiwa bado juu yake.

Nani alikutajia Charlois, mjomba? Mimi sikuitaja.

Ngoja nikuchekeshe. Nilimwalika jirani yangu wa mlango wa pili aje tunywe kahawa. Mama wa watu akatoa daftari la miadi, akafunua, akafunua, akaniambia: "Tarehe ishirini na tatu, saa nne hadi saa tano?" Siku hiyo ilikuwa tarehe mbili! Nikamwambia sawa. Na mimi nimenunua daftari. Ndani kuna jina lake peke yake, lakini daftari ninalo.

Kubwa zaidi ni la Jumapili. Joris, anayekaa kiti cha pili kazini, alinialika kwao, siku yake ya kuzaliwa. Nikavaa lile koti jekundu. Nafungua mlango, nakuta viti vimepangwa duara kuzunguka chumba, watu wamekaa kama wanasubiri daktari. Baba mtu akainuka, akanishika mkono, akautikisa: "Hongera kwa Joris!" Shangazi mtu: "Hongera kwa Joris!" Mama mtu akanibusu mara tatu, macho yanang'aa: "Hongera kwa Joris!" Mjomba, mimi na huyo kijana huongea habari za makontena tu! Jasho likanitoka. Nikamwambia yule mama kwa Kiholanzi changu cha kuokoteza: "Asante mama, lakini bado hajaniuliza kama nitaolewa naye."

Walicheka, nikadhani shangazi atahitaji maji. Kumbe ndiyo desturi. Mtu akiadhimisha siku yake hapongezwi peke yake, wanapongezwa wote walio karibu naye. Mama kwa mwanawe, mke kwa mumewe, jirani kwa jirani, hata anayekaa naye kazini. Wanasema vilevile tu, "hongera kwa fulani," nawe ujue mwenyewe maana yake.

Halafu nikaenda chooni, na ukutani kulikuwa na kalenda isiyo na mwaka wala Jumatatu, ina tarehe na majina ya waliozaliwa siku hizo tu. Kila nyumba huku inayo, wanaitundika hapo ili ukikaa ukumbuke watu wako. Nikaangalia Januari, tarehe kumi na moja, siku yangu. Ilikuwa wazi. Sijui nilitegemea nini, wamenijua wiki saba tu.

Keki ilikuwa tamu. Niandikie haraka.

Iria


Rotterdam, 10 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sasa sina barua yako. Nilimpigia Dosinda posta, akaniambia u mzima, unanunua stempu lakini hutumi kitu. Kimya kingi kina mshindo, mjomba. Nimekukosea? Ni ule mzaha wa jogoo?

Mimi sijambo. Noeli sitaweza kuja, wenye watoto wamepewa likizo na mimi nimepewa zamu. Si neno. Giza linaingia saa kumi jioni, na watu wanawasha taa madirishani, na wakiwa ndani mwao ni wazuri sana kuwatazama. Jirani alikuja tarehe ishirini na tatu. Tulikunywa kahawa hadi saa tano kamili, akashukuru, akaondoka. Alikuwa mwema. Nilikuwa nimepika chakula cha mchana cha watu wawili.

Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka.

Iria


Vilameán, 8 Januari 2024

Iria,

Mimi mzima. Hujanikosea.

Niandikie upya yale maneno ya kwenye ile sherehe, neno kwa neno, kwa Kiholanzi kama walivyoyatamka. Na uniambie: wanampongeza hata mpangaji? Hata mtu ambaye si ndugu, anayelala tu katika nyumba yao?

E. Louzao


Rotterdam, 16 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tarehe kumi na moja ilipita, asante kwa kutoikumbuka, siku zote mama ndiye aliyekukumbusha, halafu nikawa mimi. Sijambo.

Maneno nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa. Nimemuuliza Joris swali lako. Anasema: mpangaji? Bila shaka! Mpangaji anapongezwa kabla ya binamu, kwa sababu mpangaji anakula mezani kila siku. Anasema hata paka angepongezwa kama angekuwa na mkono.

Kuna nini, mjomba? Unaniuliza kama hakimu.

Iria


Vilameán, 29 Januari 2024

Mpwa wangu,

Mimi mzima. Mvua ipo, mbwa wa Dosinda kazaa sita. Hizo ndizo habari. Siku yako niliikumbuka, nilinunua stempu, nikashindwa kuandika. Nisamehe.

Sasa nitakwambia jambo na usinikatize. Ndiyo faida ya barua.

Mwaka wa kwanza walitulaza kwenye meli kuukuu, wanaume mia mbili kutoka nje, na gatini hakuna aliyempongeza mwenzake kwa lolote. Kiholanzi sikukijua. Aprili ya mwaka sabini na tatu nikapata chumba Charlois, kwa familia ya Kooiman. Baba alikuwa seremala, mama alikuwa mkali na mpishi mbaya, na walikuwa na binti, Tineke, miaka ishirini na moja. Jioni alinifundisha maneno. Mkate. Daraja. Mvua. Mimi nilimfundisha matusi ya kwetu, akayatamka vizuri kuliko padri anavyotamka sala. Novemba ile mafuta yaliadimika, serikali ikakataza magari siku za Jumapili, basi mimi na yeye tukatembea katikati ya barabara kuu, kimya, kama barabara ni yetu. Hakuna lililosemwa baina yetu. Moyoni mwangu nilikuwa nimeshalisema.

Jumapili ya tarehe kumi na nane nilitoka kanisani, nikafungua mlango, nikakuta viti vimepangwa duara. Huenda waliniambia kuna nini, sikuelewa. Baba mtu akanishika mkono: hongera kwa Tineke! Bibi mtu akanibusu: hongera kwa Tineke! Watu kumi na wanne, Iria, niliwahesabu. Zawadi mezani. Keki. Wakaimba, na harusini pia watu huimba. Yeye alivaa gauni la bluu, ananitazama mimi tu, anacheka. Nikasema moyoni: Evaristo, umeozwa.

Nilimtaka. Hapo ndipo penye aibu. Kama wangeniuliza ningesema ndiyo. Lakini hawakuniuliza, na mama yangu alikuwa huku peke yake na ng'ombe watatu, nikaona maisha yangu yote yamefungwa katika kile chumba kabla sijafumbua mdomo. Nikaogopa. Nikala keki, nikamshukuru kila mtu mmoja mmoja. Unaona? Nilishukuru, maana yake nilikubali. Jumatatu nikaaga kama naenda kazini, nikaenda stesheni.

Miaka hamsini nimejijua kuwa ni mwanamume aliyemtoroka mchumba wake mbele ya ukoo mzima. Mtu wa namna hiyo haoi mwingine, nikajiambia hivyo, na sikuoa. Halafu mpwa wangu ananiandikia kunichekesha.

Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku. Mimi sikuuliza. Juzi jikoni nilicheka peke yangu hadi nikakaa sakafuni, na baadaye sikucheka tena.

Usiende kule. Mtaa wa nyuma ya kanisa la Charlois, nyumba ya pili kutoka kona. Usiende.

Mjomba wako


Rotterdam, 18 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekwenda. Umenikataza kwa anwani kamili, ulitaka nifanyeje?

Nyumba ilivunjwa zamani, pana maghorofa ya matofali. Nikaingia kwa kinyozi wa kona, nikamtajia jina la Kooiman. Akaniambia bila kuinua mkasi: "Tineke? Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu, kengele ya njano. Lakini usiende bila miadi." Nikaenda bila miadi.

Alifungua mlango nusu. Mrefu, nywele nyeupe fupi, miwani kifuani. Akasema, "Sinunui kitu." Nikasema, "Mimi ni mpwa wa Evaristo." Alinitazama mpaka taa ya ngazi ikazimika yenyewe. Halafu akasema, "Ingia, baridi inaingia."

Akaniuliza kabla sijakaa: "Yu hai?"

"Yu hai. Goti tu."

Akaenda jikoni kutengeneza kahawa, na maji yakafunguliwa kwa muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, nikajifanya natazama mto. Aliolewa, mjomba. Mumewe Arie alifariki miaka tisa iliyopita. Mwana wao yuko Kanada. Akanipa biskuti moja, akafunika kopo, kama wanavyofanya wote.

Anasema baba yake alikutafuta hospitali mbili na polisi. Walidhani umeanguka majini. Kila walipoopoa mtu pale gatini, mzee alivaa kofia akaenda kutazama, hadi mwaka ukapita. Halafu Tineke akaniuliza mimi: "Nilimkosea nini? Ni kwa sababu nilimtazama mbele za watu? Mama alisema nilimtazama mno. Nimefikiri ni gauni."

Jibu ni lako, mjomba. Si siri yangu. Nilimwambia nitakuandikia.

Nikaomba choo. Kalenda iko pale, ya mama yake, ileile, kingo zimetafunwa na miaka. Waliokufa wana msalaba mdogo wa penseli pembeni. Baba ana msalaba. Mama, bibi, Arie, wote. Machi, tarehe kumi na nne, kwa wino wa bluu uliofifia: Evaristo. Walikuandika ulipohamia, na hukukaa hata hiyo Machi ikafika. Jina lako halina msalaba. Nilipotoka nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Sikujua. Mtu humwekei msalaba kwa kukisia."

Mlangoni akanirudisha ndani, akafungua kopo mara ya pili.

Sasa langu. Nimekuandikia sijambo katika kila barua, na nimekudanganya. Sina mtu huku, mjomba. Kuna wiki nimefika Ijumaa nikagundua sijaongea na mtu ila kwa redio ya kazini. Tarehe kumi na moja Januari nilinunua keki, nikakaa nayo dirishani, nikajipongeza kwa sauti, nikaona aibu, nikaikata vipande nikavila siku nne. Mkataba uko mezani tangu Jumatatu, wanataka jibu kabla ya Machi kwisha. Nilishaamua kurudi. Sijamwambia mtu yeyote kazini. Nilikuwa nimepanga niondoke tu.

Iria wako


Vilameán, 2 Machi 2024

Iria mwanangu,

Marahaba. Sitaki kukuandikia habari za mvua leo.

Nimejaribu kumwandikia yeye mara nne. Kiholanzi kimeniisha. Nimebaki na mkate, daraja, mvua, na lile neno la hongera. Basi mwambie wewe. Mwambie hakunikosea kitu. Gauni lilikuwa zuri. Kunitazama, alinitazama vizuri, sijatazamwa hivyo tena. Mwambie nilisikia vibaya, na nikaona haya kuuliza, na haya hiyo nikaiita heshima kwa miaka hamsini. Mwambie kuhusu mzee, ile kofia, kwenda kutazama waliokufa maji. Hilo sikulijua. Hilo linaninyima usingizi. Mwambie naomba radhi kwa ajili ya mzee.

Na wewe. Zabibu zilinishinda mwaka huu, nilianguka mara mbili, nusu zilioza mtini. Chumba nilikipaka rangi kwa sababu nilitaka urudi, na rangi niliinunua. Sasa unajua, nami nimeacha kukudanganya.

Ukitaka kurudi, rudi, na nitafurahi kuliko nitakavyoonyesha. Lakini usiondoke tu. Nimesoma maneno yako hayo mara tatu na kila mara nimejiona mimi na begi langu pale stesheni. Gonga milango kwanza. Yule jirani wa daftari, muulize kama atakula nawe mchana. Huyo Joris, muulize lolote. Wakisema hapana wote, njoo na sahani yako utaikuta mezani.

Tarehe kumi na nne hakuna sherehe hapa. Dosinda na daktari ndio wanaojua, na daktari ni kwa sababu ya faili.

Evaristo


Rotterdam, 14 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na heri ya miaka sabini na sita. Nakuandikia kutoka meza ya Tineke. Amekwenda kutafuta chombo cha maua, kwa sababu nilikuja na maua na keki, na anasema maua ni kupoteza pesa.

Niligonga mlango wa jirani. Nikamuuliza bila daftari kama atakula nami leoleo. Akashtuka, akasema hapana, ana miadi. Baada ya saa moja akagonga yeye, kasimama na sufuria ya supu ya njegere, akasema miadi ilikuwa na televisheni. Tulikaa hadi saa nne za usiku. Anaitwa Hennie. Miezi sita, na sikujua jina lake la kwanza.

Nimetia sahihi. Mwaka mmoja, mjomba, si maisha. Pasaka nakuja siku sita, nitakuzibia paa la ghala, na Septemba nakuja kuvuna zabibu na wewe, nimeshaliandika hilo kwenye daftari, halifutiki. Nilipokuwa natia sahihi nilikufikiria wewe jikoni peke yako, nikalia mbele ya mtu wa ofisini. Akanipa karatasi ya kufuta macho na biskuti moja.

Leo nilipofika, Tineke alikuwa amepanga viti duara. Viti sita, mjomba, na sisi tuko wawili. Nikamweleza kila kitu kama ulivyoniagiza, mpangilio uleule, gauni kwanza, mzee mwisho. Habari za mzee alizipokea kwa kuinamisha kichwa, akasema, "Baba angecheka, halafu angempiga, halafu angempa kinywaji." Ile ya kuozwa hakuielewa mara moja. Ilipomwingia akafunika mdomo. "Kwa hiyo alidhani tulikuwa tunamkabidhi mimi? Na keki akala?"

"Akala."

"Vipande viwili," akasema. "Nilimkatia mwenyewe." Akacheka, na kicheko kikageuka katikati, nikamshika bega. Alipotulia akasema, akitazama mto, "Angeniuliza tu. Ningemwambia, ni siku yangu ya kuzaliwa, mjinga wewe. Halafu angeniuliza lile la pili, na ningemwambia ndiyo."

Nimekuandikia kama alivyosema. Nilijiuliza njiani kama nikufiche, lakini tumeacha kufichana mimi na wewe.

Kabla ya kukata keki alisimama, akanyoosha gauni lake. Akanipa mkono kama wanavyofanya, akanibusu mara tatu, akasema polepole ili nisikose hata neno: "Hongera kwa mjomba wako." Anasema kila mwaka siku hii aliingia chooni, akalisoma jina, akatoka, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpongeza.

Nami nikamrudishia lilelile. Nikamshika mkono wake nikamwambia, "Na wewe, Tineke. Hongera kwa Evaristo."

Alisema, "Asante." Akamshukuru kila mtu mmoja mmoja, mjomba, mimi na vile viti vitano, kisha akakata keki.

Iria